Gari inamisi silinda ya 3, plagi na koili ni mpya: utajuaje kama kweli ni nozeli?

Mkuu nimelisoma swali lako lote, na kwa ajili ya wengine ngoja nilifupishe. Gari ni ya petroli, silinda 4, nozeli zinapulizia petroli kwenye manifoldi (njia ya kuingizia hewa) na sio ndani ya silinda moja kwa moja. Asubuhi inawaka vizuri na inatulia, ikishapata moto inaanza kutetemeka kwenye sailensa, yaani ikinguruma bila kukanyagwa mafuta, mlimani inakosa nguvu, taa ya cheki injini imewaka na kuna muda inapepesa. Mashine ya kupimia imesoma kodi ya kosa P0303, yaani silinda ya 3 inamisi, zamu yake inapita bila kuchoma vizuri. Umebadili plagi zote 4, ukabadili koili zote 4 (zinazoipa plagi umeme wa cheche), bado inamisi. Sasa fundi mmoja anasema nunua nozeli seti nzima, mwingine anasema zikaoshwe tu, na wewe unataka kujua nani yuko sahihi kabla hujatoa hela tena.

Nozeli ya silinda ya 3 kweli ni mshukiwa mkubwa hapo, sikatai. Ila hao mafundi wote wawili wamekupa dawa bila kupima, na hela yako ya koili imeondoka kwa mtindo huohuo. Kitu cha kwanza ukiweke kichwani ni hiki: kodi ya P0303 inataja silinda, haitaji kifaa. Haisemi plagi, haisemi koili, haisemi nozeli.

Nieleze kwanini, maana ukilielewa hili mengine yote yanakaa sawa. Kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, haioni moto ndani ya silinda. Inachofanya ni kusoma sensa ya krenkshafti (shafti inayozungushwa na pistoni), na kila silinda ikichoma vizuri krenkshafti inaongeza mwendo kidogo, kisha inapungua, inaongeza tena silinda inayofuata ikichoma. Zamu ya silinda ya 3 ikifika na mwendo usiongezeke kama inavyotakiwa, kontroli boksi inahesabu misi moja ya silinda ya 3. Zikizidi kiwango inawasha taa. Basi. Kwa hiyo kitu chochote kinachofanya silinda ya 3 isisukume, iwe hakuna cheche, mafuta machache, mafuta mengi kupita kiasi, kompresheni imeshuka, valvu haifungi, au hewa inaingia pembeni ya nozeli, vyote vitakuletea P0303 hiyohiyo. Ndo maana mtu anaweza kubadilisha vitu hata vinne na kodi ikabaki palepale.

Kabla sijaenda mbali, hiyo taa kupepesa. Taa ikiwaka bila kupepesa una muda wa kujipanga, ila ikipepesa maana yake misi ni nyingi kiasi kwamba zinaharibu katalisti (kisafisha moshi cha kwenye ekzosi) muda huohuo unaoendesha. Petroli ambayo haijaungua inaenda kuungulia kwenye ekzosi, joto linapanda sana, na yale masega ya ndani yanaweza kuyeyuka na kuziba. Hapo utakuwa umetoka kwenye tatizo la nozeli umeingia kwenye tatizo kubwa zaidi. Kwa hiyo mlimani ukiona inapepesa toa mguu kwenye mafuta, na kama gari ina safari ndefu naomba uiache kwanza mpaka uimalize hii kazi.

Haya, sasa tuanze na dalili zako zenyewe. Umesema baridi iko vizuri, moto inamisi. Hiyo ni taarifa nzuri sana, usiipuuze. Ndani ya nozeli kuna koili ndogo ya waya wa shaba, ikipata umeme inakuwa sumaku, inavuta kisindano, mafuta yanapita. Huo waya ukiwa umeanza kukatika, injini ikiwa ya baridi unagusa, ikipata moto vitu vinatanuka unaachia. Nozeli inalala, silinda inakufa. Ukizima gari ikapoa inarudi kama hakuna kilichotokea, na ukiipeleka kwa fundi asubuhi anakwambia haina tatizo. Lakini angalia, koili ya plagi nayo ina tabia hiyohiyo kabisa, hata ikiwa mpya, na koili mpya mbovu zipo, tena nyingi tu. Na soketi iliyolegea nayo inafanya hivyo. Kwa hiyo dalili ya moto inakupunguzia orodha, haikupi jibu.

Nozeli iliyoziba kwa uchafu inakuwa tofauti kidogo. Yenyewe huwa haichagui sana, inamisi baridi hata moto, na inazidi ukikanyaga mafuta au ukipanda mlima kwa sababu ndo muda injini inataka mafuta mengi na tundu halipitishi. Nozeli inayovuja, yaani isiyofunga vizuri, ni kinyume chake: sailensa mbaya, ukiwa barabarani spidi nzuri inatulia kwa sababu hapo silinda inahitaji mafuta mengi na ule uvujaji unapotelea humo. Na dalili yake nyingine ni ukizima gari ikiwa ya moto, ukae nusu saa hivi, ukiwasha inasumbua, unapiga stata muda mrefu kisha inawaka kwa kutetemeka na harufu ya petroli. Wewe hujasema kama unapata hiyo ya kuwasha kwa shida, uiangalie.

Sasa kupima. Anza na vitu ambavyo havihitaji kufungua kitu.

Cha kwanza sikiliza. Chukua bisibisi ndefu, ncha iguse mwili wa nozeli, mpini uweke sikioni, injini inanguruma. Nozeli nzima inagonga tiki tiki tiki kwa haraka na kwa mpangilio. Sikiliza zote nne, moja baada ya nyingine. Ikiwa ya 3 iko kimya au mlio wake ni mzito tofauti na wenzake, tayari una kitu. Ila uwe makini nguo na nywele zisikaribie feni na mikanda. Na nisisitize, kugonga sio ushahidi kwamba inapulizia vizuri, ni ushahidi kwamba kisindano kinasogea tu. Nozeli iliyoziba inagonga vizuri kabisa. Watu wengi wanaishia hapo wanasema nozeli nzima, wanaanza kufungua kichwa cha injini bure.

Cha pili, chomoa soketi ya nozeli moja moja injini ikiwa inanguruma. Ukichomoa ya 1 injini lazima ishtuke, mzunguko ushuke, itetemeke zaidi. Rudisha, nenda ya 2, vivyo hivyo. Ukichomoa ya 3 na injini isibadilike hata kidogo, basi silinda ya 3 ilikuwa haifanyi kazi toka mwanzo, kodi imesema kweli. Napenda kuchomoa soketi ya nozeli kuliko ya koili kwa sababu ukichomoa koili petroli mbichi inaendelea kumwagika kwenda kwenye katalisti. Fanya hili gari ikiwa ya moto, wakati inamisi. Kwenye ubaridi kwako halina maana.

Cha tatu, mita. Zima gari, chomoa soketi zote nne za nozeli, weka mita kwenye ohm, pima pini mbili za kila nozeli. Nozeli nyingi za aina ya gari yako zinasoma kati ya ohm 11 na 17, lakini usikariri hiyo namba sana, kitu cha maana ni zote nne zifanane. Tatu zikisoma 14 na moja inasoma 20 au haisomi kabisa, umeshampata mwizi wako. Ikisoma chini sana, mfano ohm 3 wakati wenzake wana 14, hiyo imeshoti ndani na inaweza kumuumiza hata kontroli boksi, usiirudishie.

Na hapa ndo kwenye siri ya gari yako: pima mara mbili, ikiwa ya baridi asubuhi, halafu ikiwa ya moto mara tu inapoanza kumisi. Shaba ikipata joto upinzani wake unapanda, karibu asilimia 0.4 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi, kwa hiyo nozeli iliyosoma 14 kwenye nyuzi 20 ikifika 100 itasoma kama 18. Hiyo ni kawaida, usishtuke. Kisichokuwa kawaida ni tatu kupanda pamoja na moja kuruka peke yake au kukata kabisa. Watu wanapima baridi, wanaona zote 14, wanasema nozeli ziko poa, na ugonjwa wao ni wa moto. Kipimo cha baridi peke yake kwa ugonjwa wa moto hakikusaidii chochote.

Cha nne, umeme unaofika. Kwenye soketi ya nozeli kuna waya mbili. Mmoja unapata umeme wa betri muda wote switchi ikiwa oni, mwingine unaenda kontroli boksi ambayo inaushusha kwenda ardhini (upande wa hasi wa betri) kwa muda mfupi sana, kwenye sailensa ni kama milisekunde 2 mpaka 4 hivi, ndo nozeli inafunguka. Kwa hiyo switchi oni, mita upande mmoja kwenye ardhi, pini moja ya soketi lazima ikupe volti karibu sawa na za betri. Halafu tafuta ile taa ndogo ya kupimia nozeli, inachomekwa kwenye soketi badala ya nozeli, mtu apige stata, inatakiwa iwakewake. Ikiwaka kwenye 1, 2 na 4 na kwenye 3 isiwake, acha kabisa habari ya kununua nozeli, tatizo lako ni waya au kontroli boksi. Usitumie balbu kubwa ya taa za gari badala ya hiyo, inavuta umeme mwingi na unaweza kuunguza kile kipande cha kontroli boksi kinachoendesha nozeli.

Na usisahau kitu cha kijinga kabisa ambacho kinawatesa watu: soketi yenyewe. Plastiki za soketi za nozeli zinakaa kwenye joto miaka, zinakauka, kile kifungio kinakatika, pini zinatanuka. Injini inatetemeka, mguso unaachia. Ikiwa inanguruma shika waya wa nozeli ya 3 uutikise taratibu. Injini ikibadilika sauti hapo, umepata. Angalia pia kama waya umepita sehemu yenye ncha kali ukasuguliwa ganda. Kawaida soketi au waya ikikatika kabisa mashine inaongeza kodi ya P0203, ambayo inasema saketi ya nozeli ya 3. Wewe una P0303 peke yake, kwa hiyo kukatika moja kwa moja kuna uwezekano mdogo, lakini mguso mbovu wa kuja na kuondoka unaweza kupita bila kuandika.

Kama mashine yenu inasoma data za laivu na sio kodi tu, omba uone trimu. Trimu ni asilimia ambayo kontroli boksi inaongeza au kupunguza mafuta kutokana na inachosoma sensa ya oksijeni. Kwenye gari nzima inacheza karibu na sifuri, ikiwa ndani ya 10 juu au chini hakuna wa kulia. Mafundi wengi wakiona trimu ya muda mrefu iko +18 wanasema hapohapo mafuta machache, nozeli imeziba. Hapa naomba tusikimbie. Silinda ikikosa cheche tu, hewa yake inatoka na oksijeni yake yote haijatumika, inafika kwenye sensa, sensa inasema hewa nyingi mafuta machache, kontroli boksi inaongeza mafuta. Yaani koili mbovu nayo inakuletea trimu ya juu. Trimu ya juu pamoja na misi haikupi jibu kama ni mafuta au cheche, usikubali mtu akuuzie nozeli kwa namba hiyo peke yake.

Inachokusaidia trimu ni ukiilinganisha hali mbili. Iangalie kwenye sailensa, halafu shikilia mizunguko 2500 kwa dakika. Ikiwa iko juu sana kwenye sailensa na ikishuka kuelekea sifuri kwenye 2500, fikiria hewa inavutwa pembeni, na sehemu mojawapo ya kuvuta ni oringi (ringi ya mpira) ya chini ya nozeli, pale inapokaa kwenye manifoldi. Ile oringi ikikauka silinda hiyo moja inapata hewa ya wizi, inamisi kwenye sailensa, na nozeli yenyewe haina kosa lolote. Ikiwa kinyume, trimu inazidi kupanda kadri unavyoikamua, basi mafuta hayatoshi, na hapo inaweza kuwa nozeli, filta, au pampu. Ila pampu ikichoka kawaida inamisi silinda mchanganyiko na kodi inakuwa P0300 au P0171, sio kung'ang'ania ya 3 peke yake.

Na kitu kingine watu hawakioni: kontroli boksi haiongezi mafuta kwa silinda ya 3 peke yake, inaongeza kwa zote nne. Kwa hiyo nozeli moja ikiziba, hiyo moja inabaki na njaa na hao watatu wanashibishwa kupita kiasi. Ndo maana ukitoa plagi unakuta ya 3 nyeupe kavu na nyingine tatu zina weusi mkavu kama masizi. Ukikuta picha hiyo kwenye plagi zako, nozeli ya 3 kuziba inapanda sana kwenye orodha. Ukikuta ya 3 imeloa petroli, ni aidha nozeli inavuja au cheche haikupatikana, tena inakurudisha kwenye koili. Ukikuta ina mafuta mazito ya injini, hiyo ni hadithi nyingine ya ringi au sili za valvu.

Sasa kipimo chenyewe ninachokiamini kuliko vyote, cha kuhamisha. Hakihitaji mashine ya gharama, kinahitaji uvumilivu. Anza na koili, toa ya 3 weka 1, ya 1 weka 3. Futa kodi, endesha mpaka ipate moto na imisi. Ikirudi P0301, koili yako mpya ni mbovu na umemaliza. Ikibaki P0303 hamisha plagi vivyo hivyo. Ikibaki tena P0303 ndo sasa unagusa nozeli.

Kabla hujaifungua reli, yaani lile bomba linaloshika nozeli zote, toa presha. Ndani ya bomba kuna kama bar 3 mpaka 4 za petroli hata gari ikiwa imezimwa, ukilegeza bolti inakurukia usoni na ikidondokea ekzosi ya moto unawasha moto kweli. Injini ipoe kabisa. Iwashe, chomoa fyuzi au relei ya pampu ya mafuta, iache inanguruma mpaka ijizime, piga stata sekunde chache kumalizia, halafu toa waya wa hasi wa betri. Kifaa cha kuzimia moto kiwe karibu, hakuna sigara, hakuna cheche. Sehemu ya kuzunguka nozeli isafishe kwanza kwa brashi na upepo kabla ya kuzivuta, maana mchanga ukidondokea kwenye tundu la manifoldi unaenda moja kwa moja kwenye valvu.

Ukizitoa, hamisha mwili wa nozeli tu. Soketi ibaki kwenye silinda yake. Hili ni la muhimu kuliko linavyosikika, kwa sababu ukifanya hivi unatenganisha nozeli na waya wake kwa mpigo mmoja. Nozeli ya 3 iende kwenye 1, ya 1 ije 3, oringi mpya juu na chini, zipake mafuta safi ya injini kidogo sana ili zisikatike wakati wa kusukuma, usiweke grisi. Rudishia fyuzi na betri, washa switchi oni bila stata mara mbili tatu ili pampu ijaze presha, chungulia na kunusa kila nozeli kama kuna tone. Kavu? Sawa, washa.

Endesha mpaka ipate moto. Misi ikihamia P0301, una ushahidi ambao hakuna fundi anaweza kuupinga: ni nozeli ile. Ikibaki P0303, nozeli umeisafisha jina, baki na waya, soketi, kontroli boksi, au injini yenyewe. Na ikipotea kabisa, haimisi popote, basi kuna uwezekano mkubwa ulikuwa oringi au soketi uliyoichomoa ukairudisha ikashika vizuri, hapo iendeshe siku kadhaa kwanza uone kabla hujafurahi.

Ikibaki P0303 baada ya kuhamisha vyote vitatu, pima kompresheni. Zote nne, plagi zote nje, pedali ya mafuta imekanyagwa mpaka mwisho, pampu ya mafuta ikiwa imekatwa. Namba kamili inategemea injini ila ukiona tatu ziko karibu bar 12 na moja iko 8, hapo hata ukiweka nozeli za dhahabu haitasaidia. Na kwa sababu yako inakuja ikiwa ya moto, ipime ikiwa ya moto. Valvu ambayo klirensi yake (ile nafasi ndogo inayoachiwa ya kutanukia) imebana inaweza kufunga vizuri baridi na ikipata moto ikatanuka ikaacha upenyo, inamisi kwenye sailensa kama tu yako. Nimeona gari zimebadilishiwa nozeli zote na kumbe ni valvu ya kurekebisha tu.

Kuhusu uvujaji, kama una geji ya presha ya mafuta ifunge, washa, zima, uitazame. Inatakiwa ishikilie dakika kadhaa bila kuporomoka. Ikishuka haraka kuna kitu kinaachia, inaweza kuwa nozeli, regyuleta ya presha ya mafuta, au valvu ya kuzuia mafuta yasirudi ndani ya pampu, kwa hiyo usikimbilie nozeli. Dalili ya ziada ni dipstiki: chomoa, nusa. Mafuta ya injini yakinuka petroli na kiwango kimepanda, nozeli inavujia silinda na petroli inashuka kwenye oili. Hapo oili lazima imwagwe pamoja na filta baada ya kutengeneza, maana oili iliyochanganyika na petroli hailindi bearingi.

Sasa tuje kwa mafundi wako wawili, nani sahihi. Inategemea nozeli inaumwa nini. Kama ni umeme, ohm zimeruka au imekatika ikiwa ya moto, kuosha hakusaidii hata iweje, sabuni haiungi waya. Nunua hiyo moja, sio lazima seti, ila iwe ya namba ileile ya kifaa kama iliyotoka, maana nozeli mbili zinaweza kufanana kwa macho na soketi moja lakini zinapitisha kiasi tofauti. Kama ohm ni nzuri, inagonga, lakini silinda ina njaa, hiyo ni uchafu, na hapo fundi wa kuosha ana hoja. Na ukiosha osha zote nne, kwa sababu zimekunywa mafuta yaleyale.

Ila kuosha kuna kuosha. Dawa ya kumimina kwenye tangi inaweza kusaidia utando mwepesi, kwa nozeli ambayo imeshaanza kumisi sitegemei sana. Kuosha kwa maana ni kuzitoa, kuziweka kwenye mashine ya kuoshea kwa mawimbi ya sauti huku zinafunguka na kufunga, halafu kwenye benchi yenye vibomba vya kioo vya vipimo. Kwenye benchi simama uangalie mwenyewe. Kabla ya kuosha wazijaribu kwanza, uone ipi ina kiasi kidogo na ipi inamwaga kama bomba badala ya kupulizia ukungu, wakishaosha wazijaribu tena. Tofauti ya juu na ya chini ikiwa ndani ya asilimia 5 hivi ni nzuri. Halafu wazishikilie kwenye presha bila umeme, isionekane inayodondosha. Kile kichujio kidogo kilicho juu ndani ya nozeli kibadilishwe pamoja na oringi, kikirudishwa kilekile kichafu kazi yote inakuwa nusu. Kama sehemu hawana kipimo cha kabla na baada, tafuta sehemu nyingine. Na iliyooshwa ikabaki chini ya wenzake, hiyo haiponi tena, badilisha.

Ukikuta ni uchafu, jiulize umetoka wapi. Filta ya mafuta imebadilishwa lini? Tangi lina kutu au maji? Usipoligusa hilo, nozeli safi zinaanza kuziba upya toka siku ya kwanza.

Kuna wengine watasoma hapa wenye magari ya aina nyingine kwa hiyo niseme haraka. Kama petroli yako inapuliziwa ndani ya silinda moja kwa moja, haya ya kulegeza reli nyumbani usiyafanye, presha ya huko inaanzia makumi ya bar na kupita 200, nozeli zake zina ohm chache sana na zinaendeshwa kwa volti kubwa kuliko betri, ukizijaribu kwa betri moja kwa moja unaziunguza, na zikitolewa kuna sili maalum za kubadilisha. Wenye dizeli za komoni reli, presha inapita bar 1000, usije ukapeleka kidole kutafuta panapovuja, inaingia chini ya ngozi na ni hatari ya kweli. Kipimo chao cha kuanzia ni kulinganisha mafuta yanayorudi kwa kila nozeli, na nyingi zikibadilishwa lazima namba yake iandikwe kwenye kontroli boksi.

Mkuu, kwa hiyo wewe kesho asubuhi kabla hujawasha pima ohm za zote nne uandike. Iwashe, ikipata moto na kuanza kumisi chomoa soketi moja moja uone ipi haishtui injini, zima, pima ohm tena hapohapo kabla haijapoa. Toa na plagi zote uzipige picha kwa mpangilio wa silinda. Niletee namba nane za ohm, picha za plagi, na uniambie ikiwaka ikiwa ya moto inasumbua au la. Seti ya nozeli usiinunue kwanza mpaka tuone hizo.